Somo la Vikundi: Kuanza Biashara Ndogo Ugenini

Kwa kiongozi wa kikundi: Somo hili lisomwe kwa sauti, sehemu moja moja, na watu wapewe nafasi ya kuuliza. Likiwa refu ligawe mara mbili. Uwe na ubao au karatasi kubwa, kwa sababu kuna hesabu ya kuandika.

KWA NINI TUJIFUNZE JAMBO HILI

Karibu kila kikundi kina mwanachama, au mtoto wa mwanachama, aliyevuka mpaka kwenda kutafuta riziki. Kuna walio Uganda, kuna walio Tanzania na Sudan Kusini, na wengine wako mbali zaidi. Mara nyingi mtu huyo huondoka na pesa ambazo si zake peke yake. Ni mkopo wa kikundi, au ni ng'ombe wa baba aliyeuzwa, au ni kipande cha shamba kilichowekwa rehani. Biashara ikifa kule, haumii yeye tu. Wadhamini waliobaki kijijini ndio watakaoulizwa, na undugu wa miaka mingi unaweza kuvunjika kwa sababu ya shilingi elfu chache.

Je, kikundi kikatae kabisa kuwapa mkopo wanaokwenda nje? Hapana. Watu wamehama na kufanya biashara tangu zamani, na wengi wamefaulu. Lakini wengi wetu hudhani kitu cha kwanza kinachohitajika ni pesa. Somo hili linasema sivyo. Ugenini pesa huja ya tatu. Ya kwanza ni ruhusa, ya pili ni kujulikana na watu. Anayegeuza utaratibu huu na kutanguliza pesa, kwa kawaida huzila pesa hizo kabla biashara haijasimama.

WAGENI WALIOFANYA BIASHARA KWETU

Hebu tuanze na wageni tunaowajua, wale waliokuja katika nchi yetu.

Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901. Pamoja na reli yalikuja maduka ya Wahindi. Aliyejulikana zaidi ni Allidina Visram, aliyezaliwa Kutch, India, mwaka 1851. Alikuja Afrika Mashariki akiwa bado mtoto, akafanya kazi chini ya mfanyabiashara mwingine, Sewa Haji Paroo wa Bagamoyo. Baadaye akafungua maduka yake mwenyewe, kwanza kwa kufuata njia za misafara, halafu kwa kufuata reli mpaka Uganda. Alifariki mwaka 1916, na shule ya sekondari yenye jina lake iko Mombasa mpaka leo.

Tuangalie jinsi wenye maduka hao walivyoanza. Kijana aliyefika kutoka India hakufungua duka siku ile ile. Alikaa miaka kadhaa katika duka la ndugu au la mtu wa kwao, akipima chumvi na kukata kitambaa, huku akijifunza Kiswahili na lugha ya wenyeji. Akishaaminika, alipewa bidhaa kwa mkopo akafungue duka dogo mbele zaidi. Mtaji wake wa kwanza ulikuwa jina lake jema kwa tajiri wake. Lakini tuseme ukweli wote: sheria za mkoloni zilimbana Mwafrika asikopeshwe bidhaa kwa urahisi, kwa hiyo mashindano hayakuwa ya haki.

Kuna jambo lingine la kujifunza kwao. Mwaka 1967 Kenya ilitunga sheria ya leseni za biashara, na wale ambao hawakuwa raia wakazuiwa kufanya biashara katika sehemu fulani na kuuza bidhaa fulani. Wengi walifunga maduka wakahama. Nako Uganda, mwezi wa Agosti 1972, Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Maelfu walikwenda Uingereza wakiwa na masanduku tu, na wengi wao walianza upya katika mji wa Leicester. Mtu anaweza kuwa na duka kwa miaka arobaini, na bado sheria ikambadilikia.

Mfano wa pili uko Kakuma, katika Turkana. Kambi ile ilianzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Sudan, na baadaye wakaja Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengine. Wengi walifika mikono mitupu. Hata hivyo utafiti wa IFC, shirika lililo chini ya Benki ya Dunia, uliotolewa mwaka 2018, ulikuta biashara zaidi ya 2,000 pale: vibanda vya chakula, vinyozi, maduka ya nguo, mafundi wa simu, wauzaji wa jumla. Wengi walianza na kitu kidogo sana, na Wasomali na Waethiopia walikuja na desturi zao za kuchangishana kwa zamu, kama mzunguko wetu wa vikundi. Wasomali huuita ayuuto, Waethiopia huuita equb. Wenyeji Waturkana nao huleta kuni, makaa na mifugo, na wengine hupata kazi kwenye maduka hayo. Ndiyo maana ya ule msemo, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Sasa tuzichukue hatua zenyewe, moja baada ya nyingine.

HATUA YA KWANZA: RUHUSA

Kuruhusiwa kuingia nchi fulani si kuruhusiwa kufanya biashara huko. Hayo ni mambo mawili, na wengi hukamatwa kwa kuyachanganya.

Tangu mwaka 2014 Mkenya anaweza kuingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho chake tu. Tena tangu tarehe 1 Julai 2010 kuna mapatano ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, yanayompa raia wa nchi wanachama haki ya kutafuta kazi na kuanzisha biashara katika nchi nyingine. Lakini haki hiyo hufuata sheria za kila nchi. Bado utahitaji kibali kutoka kwa idara ya uhamiaji, leseni kutoka kwa baraza la mji au wilaya unakofungua, na nambari ya kulipia kodi.

Na sheria hubadilika. Mwezi wa Julai 2025 serikali ya Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15. Kati ya hizo ni uuzaji wa rejareja na wa jumla, kutuma pesa kwa simu, kutengeneza simu, saluni, na kununua mazao shambani. Adhabu iliyotajwa ni faini ya shilingi za Tanzania milioni 10, au kifungo, pamoja na kufutiwa kibali. Ona kwamba hizo ndizo biashara ndogo ambazo watu wetu hukimbilia. Kwa hiyo usisikilize habari za mtu aliyekwenda miaka mitano iliyopita. Uliza sheria ya mwaka huu, na uulize katika ofisi yenyewe.

Wengine watasema, "Basi nitatumia jina la rafiki mwenyeji kwenye leseni." Mtego huo ni mbaya. Duka likiwa kwa jina lake, kisheria ni lake, na siku mkikosana huna pa kushtaki. Tena amri hiyo ya Tanzania inamwadhibu hata mwenyeji anayemsaidia mgeni kuivunja.

Ikiwa unavusha bidhaa tu na kurudi, kuna utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo. Bidhaa zilizotengenezwa au kulimwa ndani ya nchi za Jumuiya, zikiwa na thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, na zikiwa katika orodha iliyokubaliwa, huvuka kwa cheti kifupi kinachotolewa pale pale mpakani, bila ushuru wa forodha. Mazao na mifugo huhitaji pia cheti cha afya. Akina mama wengi hawaujui utaratibu huu, hivyo hupita njia za panya. Huko huna risiti wala cheti. Ukinyang'anywa mzigo, au ukitendewa uovu, utaogopa kupiga ripoti kwa sababu wewe mwenyewe umevunja sheria, na waovu wanalijua hilo.

HATUA YA PILI: KUJULIKANA

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa mfanyabiashara, jembe hilo ni kibarua. Fanya kazi kwa mtu mwingine kwanza, ikiwezekana katika biashara ile ile unayotaka kuanza, na kibali chako kiruhusu. Osha vyombo hotelini, pakia magunia, uza katika duka la mtu. Miezi mitatu hivi itakufundisha mambo ambayo pesa haziwezi kununua:

Watu wa hapo wanakula nini, na wananunua kwa kipimo gani? Mshahara hulipwa lini? Ni siku gani soko hujaa? Bidhaa za jumla hutoka wapi? Nani hulipa deni na nani halipi? Wenyeji wana mwiko gani? Askari wa baraza hupita saa ngapi, na hutaka karatasi gani?

Jifunze lugha. Hata maneno hamsini ya bei, salamu na shukrani yatakufungulia mlango. Jitambulishe kwa kiongozi wa mtaa. Ingia katika kanisa au msikiti wa hapo, na ikiwa kuna chama cha watu wa kwenu, kitafute. Lakini usinunue na kuuza kwa watu wa kwenu tu. Watu wa nyumbani ni wachache, tena ndio wa kwanza kuomba mkopo.

Chagua biashara ambayo haimtoi mwenyeji riziki mdomoni. Kama akina mama kumi tayari wanauza nyanya hapo, wewe wa kumi na moja utachukiwa na hutauza. Tafuta kitu wanachokosa: pengine ni ufundi wa baiskeli, ushonaji, au maandazi ya asubuhi mapema kwa wajenzi. Ufundi una faida nyingine kubwa. Siku ukilazimika kuondoka, unaondoka nao kichwani, na hakuna anayeweza kukunyang'anya.

HATUA YA TATU: PESA

Hapa tuchukue ubao. Hesabu hizi ni za mfano tu. Kila kikundi kiweke bei za mahali mwanachama anakokwenda.

Nyumbani mtu ana shamba. Anavuna mboga, mahindi yako ghalani, nyumba haina kodi. Ugenini hata maji ni ya kununua. Tuseme kwa mwezi anatumia hivi:

Kodi ya chumba: 2,000
Chakula: 4,500
Maji na taa: 500
Simu na nauli: 1,000
Jumla: shilingi 8,000

Mtu wa kwanza amekopa 10,000. Ananunua bidhaa, anazimaliza kila wiki, na kila mara anapata faida ya shilingi 10 kwa kila 100. Kwa wiki ni 1,000, kwa mwezi 4,000. Inaonekana nzuri sana! Lakini yeye anatumia 8,000, na hana kazi nyingine. Anapungukiwa 4,000, anazitoa katika mtaji. Mwezi wa pili anaanza na 6,000, faida ni 2,400, matumizi ni yale yale 8,000. Mwisho wa mwezi wa pili amebaki na shilingi 400.

Mtu wa pili anasema, "Basi dawa ni kukopa nyingi." Anakopa 40,000 na kujaza duka. Kwa kuwa ni mgeni, wateja ni wachache, na bidhaa zinaisha mara moja tu kwa mwezi. Kwa kiwango kile kile, faida ya mwezi ni 4,000, sawa na ya mwenzake. Yeye naye anapungukiwa na kutoa katika mtaji. Endeleeni na hesabu hiyo wenyewe. Mtaona kwamba mwisho wa mwezi wa saba amebaki na kama shilingi 2,000. Hakuna mwizi aliyeingia, hakuna moto uliowaka. Mtaji umeliwa tu, sahani kwa sahani.

Mtu wa tatu anafanya kibarua kinachomlipa zile 8,000 za kula na kulala. Biashara ya 10,000 anaifanya jioni na mwisho wa wiki, au anasaidiana na mkewe. Faida ya 4,000 kwa mwezi haili. Anatuma 2,000 nyumbani kulipa mkopo, na 2,000 anaweka akiba. Baada ya miezi mitano amelipa 10,000 zote, na ana mtaji wa 20,000 ambao ni wake mwenyewe. Sasa, ikiwa wateja wameongezeka na bidhaa za 20,000 zinaisha kila wiki, faida ni 2,000 kwa wiki, yaani 8,000 kwa mwezi. Hapo biashara inaweza kumlisha, na anaweza kufikiria kuacha kibarua.

Watatu hawa waliuza kwa faida ya kiwango kimoja. Tofauti ni nani aliyemlisha mgeni wakati biashara ikiwa changa. Swali la kumwuliza kila anayetaka mkopo wa kwenda nje ni hili: "Utakula nini miezi sita ya kwanza?" Akijibu, "Nitakula kutoka dukani," bado hajawa tayari.

Yote haya yaandikwe. Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la kurasa mbili latosha: upande mmoja kilichoingia, upande wa pili kilichotoka, na chakula cha nyumbani kiandikwe kama matumizi.

PESA ZA NCHI NYINGINE

Kuna hatari ambayo hatuioni nyumbani, nayo ni kubadilika kwa thamani ya pesa. Baada ya mapatano ya amani ya mwaka 2005, Wakenya na Waganda wengi walikwenda Juba kufungua hoteli, gereji na maduka. Mwezi wa Desemba 2015 serikali ya Sudan Kusini iliacha kushikilia bei ya pauni yake. Dola moja iliyokuwa kama pauni 3 katika bei ya serikali ikaruka mpaka pauni 18 na nusu. Aliyekuwa na pauni 3,000 kwenye sanduku, alilala na dola 1,000 kwa bei hiyo, akaamka na dola 160 hivi. Na mkopo wake wa nyumbani ulikuwa bado ni shilingi zile zile.

Wengine walipoteza zaidi. Vita vilipozuka Desemba 2013, na tena Julai 2016, wafanyabiashara wengi walikimbia na kuacha bidhaa nyuma.

Tunajifunza nini? Usilimbikize pesa za ugenini. Ziwe katika bidhaa zinazotoka haraka, na akiba itumwe nyumbani kila wiki au kila mwezi kwa simu au benki. Usijenge kwa haraka mahali ambapo huna haki ya kukaa. Na daima weka kando nauli ya kurudi. Hiyo si mtaji wala si akiba, haiguswi hata duka likiwa tupu.

KIKUNDI KIFANYE NINI

Kikundi ndicho kitakachobaki na deni, kwa hiyo kina haki ya kuweka masharti bila kuona haya. Haya yamependekezwa:

1. Anayeomba aende kwanza kuchungulia kwa nauli yake mwenyewe. Arudi na bei za soko na maelezo ya kibali na leseni, ayasome mbele ya mkutano.

2. Mkopo usitolewe wote kwa mara moja. Sehemu ndogo kwanza. Nyongeza itolewe baada ya miezi mitatu, daftari likionekana na malipo yakiwa yamefika.

3. Mkopo uandikwe kwa shilingi za Kenya na ulipwe kwa shilingi za Kenya. Mapatano yatiwe sahihi na mkopaji, wadhamini wawili, na mume au mke wake. Mwenzi wa nyumbani akifichwa, kikundi kitaingia katika ugomvi usio wake.

4. Mweka hazina abaki na nakala ya kitambulisho au pasipoti, nambari ya simu ya kule, na jina la mtu mmoja anayemjua huko. Pasipoti yenyewe abaki nayo mwenyewe, asimwachie wakala wala mwajiri.

5. Awe anapiga simu siku ya mkutano, hata kama wiki hiyo hana malipo. Mkopaji anayenyamaza kwa aibu ndiye anayepotea. Mwambieni kabla hajaondoka kwamba habari mbaya ikifika mapema inaweza kutengenezwa.

6. Akishindwa na kurudi, apokelewe. Mkopo upangwe upya, alipe kidogo kidogo. Kijana anayejua atazomewa nyumbani hatarudi, na kikundi kitakosa pesa na mtu pia.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Ni nani kutoka kijiji chetu amefanya biashara nje ya nchi? Alianza na ruhusa, na watu, au na pesa? Ilimwendeaje?

2. Fanyeni upya hesabu ya watu watatu kwa bei za mji mmoja mnaoujua nje ya nchi. Je, matumizi ni zaidi ya 8,000?

3. Kati ya ufundi tulio nao katika kikundi, ni upi mtu anaweza kwenda nao popote?

4. Katika soko letu kuna wageni wanaouza? Tunawatendeaje wakikosa chenji, wakikosea maneno, au askari wa kaunti wakiwasumbua? Tungependa mtoto wetu atendewe hivyo huko aliko?

KAZI KABLA YA MKUTANO UJAO

Wanakikundi wawili watumwe kwa mtu mmoja aliyerudi kutoka nje. Wamwulize mambo mawili tu: ni nini kilichokula pesa zake zaidi, na ni nani aliyemsaidia kwanza. Katibu aandike majibu kwenye kitabu cha kikundi, yasomwe kabla ya kuzungumzia ombi lolote la mkopo wa kwenda ng'ambo ya mpaka.